Metali Kwanza, Umbo Baadaye: Kuvipa Vijiko na Uma za Zamani Kazi Mpya Nyumbani

Kijiko, uma na kisu cha mezani ni vipande vya metali ambavyo kiwanda kimekwisha kuvifanyia sehemu iliyo ngumu zaidi ya kazi, kwa kuwa vimepigwa kwa mashine nzito, vimepindwa vifuate kiganja cha mkono, vimesuguliwa kingo zisimkwaruze mlaji, na vimeng'arishwa. Kwa hiyo mtu anayehitaji kulabu ya kutundikia kikapu, kishikio cha droo au kitu cha kusimamishia kitabu cha mapishi, akichukua kijiko kilichobaki peke yake baada ya wenzake kupotea, huanza kazi ikiwa nusu imekwisha. Walakini wengi huanza na umbo: huona picha ya kulabu nzuri, huchukua kijiko cha kwanza kinachofikiwa na mkono, na kijiko hicho hukatika shingo, au hukataa kupindika, au baada ya msimu mmoja wa mvua huanza kuchuruzisha kutu ukutani. Utaratibu unaoshauriwa hapa ni kinyume cha huo, yaani metali itambuliwe kwanza, kisha yenyewe iamue itakuwa kitu gani.

Katika kabati za Afrika ya Mashariki, metali zinazokutwa kwa kawaida ni nne. Ya kwanza ni alumini, nyepesi na laini, ambayo kijiko chake hupindika kwa vidole viwili. Ya pili ni chuma cha pua kisichoshika kutu, ambacho mafundi wengi hukiita stenlesi. Historia yake mezani inaanzia mji wa Sheffield, Uingereza, ambako mwaka 1913 Harry Brearley alitengeneza chuma chenye kromi karibu asilimia 13 na kukiona kinafaa kwa visu vya kulia. Ya tatu huitwa fedha ya nikeli, jina linalopotosha, kwa sababu ndani yake hamna fedha hata chembe: ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali zilizoyeyushwa pamoja, ambayo mara nyingi ina shaba asilimia 60 hivi, na sehemu iliyobaki ikiwa nikeli na zinki. Aloi hiyo ikivikwa utando mwembamba wa fedha halisi kwa nguvu ya umeme, njia ambayo George na Henry Elkington wa Birmingham waliipatia hataza mwaka 1840, huwa ndiyo ile seti ya mezani iliyopamba nyumba za watumishi wa serikali za kikoloni, hoteli na meli, na ambayo leo huibuka katika minada, katika masanduku ya wazee na kwenye meza za mitumba. Ya nne ni fedha yenyewe, nayo ni adimu kuliko wenye vijiko wanavyodhani.

Utambuzi huanza mgongoni mwa mpini. Herufi EPNS huonyesha kwamba chombo ni fedha ya nikeli iliyovikwa, na msomaji asidanganywe na mtindo wa viwanda wa kuipiga kila herufi ndani ya kingao chake ili ifanane kwa mbali na mihuri ya fedha halisi. Fedha halisi ya Uingereza hupigwa mhuri wa simba anayetembea akiwa ameinua mguu mmoja wa mbele, pamoja na alama ya mji ulioipima, kama nanga kwa Birmingham na kichwa cha chui kwa London. Fedha ya nchi nyingine mara nyingi huandikwa 925 au 800, yaani sehemu za fedha katika kila sehemu 1,000 za aloi. Maandishi 18/10 au 18/8 ni ya stenlesi, na hutaja asilimia ya kromi kwanza na ya nikeli baadaye. Sumaku nayo husaidia, ila kwa kiasi: stenlesi ya 18/0, isiyo na nikeli, huivuta kwa nguvu, ilhali ya 18/10, fedha, fedha ya nikeli na alumini haziivuti. Kuna ajabu ndogo hapa inayowachanganya wengi, nayo ni kwamba kijiko cha 18/8 kisichoivuta sumaku kinaweza kuanza kuivuta kidogo mahali kilipopindwa, kwa kuwa kupinda kwa baridi hubadilisha mpangilio wa ndani wa metali hiyo.

Mihuri ikiwa imefutika, mizani ya jikoni inatosha. Vijiko sita vya aina moja hupimwa pamoja, tuseme vimetoa gramu 372. Kisha bakuli lenye maji huwekwa juu ya mizani, mizani hurudishwa kwenye sifuri, na vijiko hivyo, vikiwa vimefungwa kwa uzi, huteremshwa vizame vyote bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa, ambao kwa gramu ni sawa na ujazo wa vijiko kwa sentimita za ujazo. Ikisomeka 36 hivi, kuna sababu nzuri ya kudhani kwamba ni fedha; ikisomeka 43, ni fedha ya nikeli, hata kama uso wake unang'aa kama mbalamwezi; ikisomeka 47, ni stenlesi. Vijiko sita ni bora kuliko kimoja kwa sababu mizani ya kawaida hukosea gramu moja kwa urahisi, na kosa la gramu moja katika kijiko kimoja hufuta tofauti yote inayotafutwa.

Ikithibitika kuwa ni fedha, ushauri ni kutokigusa kwanza. Lugha yenyewe ina kumbukumbu ya jambo hilo, kwani fedha ni metali na fedha ni pesa, na katika pwani hii, kama ilivyokuwa Omani, reale ya Maria Theresa, sarafu ya Austria yenye mwaka 1780 usoni na uzito wa gramu 28 na ushei, ilitumiwa sokoni kisha ikayeyushwa na masonara kuwa vikuku na mikufu. Aliyeyeyusha reale hakupoteza kitu, kwa sababu alijua ana fedha kiasi gani, na pambo lililotoka liliweza kurudi mizanini siku ya shida. Mtu anayetoboa kijiko cha fedha ili akipigilie skrubu ukutani hafanyi hivyo: anapunguza uzito, anaharibu mhuri, na pengine anavunja seti ambayo ingeuzwa nzima. Vilevile seti kamili ya EPNS, hata isiyo na thamani kubwa, yafaa iachwe itumike mezani. Malighafi halali ya kazi hii ni vile vilivyobaki kimojakimoja, vilivyochubuka utando au vyenye meno yaliyopinda.

Kabla ya kupinda chochote inafaa kueleza kwa nini kijiko hukatika. Metali inapopindwa kwa baridi, chembe zake za ndani hubanana na kuzuiana, na mahali hapo huwa pagumu kuliko pengine. Hali hiyo huitwa ugumu wa kazi. Pindo la kwanza humezwa bila tatizo, lakini kila anayejaribu kulinyoosha na kulipinda upya kwa kuwa hakuridhika huongeza ugumu huo, mpaka ufa mdogo kama unywele unaonekana upande wa nje na kijiko kinabaki vipande viwili mkononi. Dawa yake ni kulegeza kwa moto, yaani kuipasha metali kiasi cha kuruhusu chembe zijipange upya, ila dawa hiyo haitumiki kwa kila kijiko. Fedha hulegea inapofikia wekundu hafifu unaoonekana kivulini tu, nyuzi 600 hadi 650. Kitu kilichovikwa fedha kisiletwe motoni, kwani utando hubadilika rangi na kuchafuka kwa namna isiyosuguliwa ikatoka. Stenlesi ya 18/10 hudai zaidi ya nyuzi 1,000, joto ambalo jiko la makaa la nyumbani halilitoi kwa utulivu, na kwa hiyo hupindwa baridi, mara moja, kwa uamuzi uliokwisha kufanywa kwenye karatasi. Alumini ni hatari kwa namna yake, maana huyeyuka kwenye nyuzi 660 bila kuwa nyekundu kwanza, hivyo jicho halipati onyo. Lakini wafua metali wana hila rahisi, nayo ni kuipaka sabuni ya mche iliyo kavu na kuipasha polepole hadi alama ya sabuni igeuke nyeusi, ambapo moto huondolewa mara moja, kwa kuwa kulegea kumekwisha kupatikana na kuyeyuka bado kuko mbali.

Kulabu ndiyo kazi ya kuanzia, na kijiko cha kula cha stenlesi au cha EPNS kilichochubuka ndicho kinachoifaa. Kosa la kawaida ni kupinda kijiko shingoni, mahali mpini unapokutana na bakuli, kwa kuwa hapo ndipo penye wembamba na ndipo mkono unapovutiwa. Lakini shingo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, na mzigo wote utaiegemea. Pindo liwekwe katikati ya mpini au chini yake kidogo, kijiko kikiwa kimebanwa kwenye jiriwa kati ya vipande viwili vya mbao ili meno ya chuma yasiache makovu, na mpini uzungushwe taratibu juu ya kipande cha bomba la inchi moja, ambalo hugawa pindo katika urefu wa kutosha badala ya kulikusanya mahali pamoja kama kona ya karatasi. Asiye na jiriwa anaweza kutoboa tundu la upana wa mpini katika gogo gumu la mninga au mwembe na kulitumia kama mshiko.

Bakuli la kijiko, ambalo litakaa ukutani, hulazwa kifudifudi juu ya gogo hilo na kugongwa kwa nyundo ya mti, mapigo mengi mepesi yanayozunguka, kwa sababu pigo moja zito katikati huacha mkunjo ambao hauondoki. Si lazima liwe bapa kabisa. Kwa hakika uvimbe mdogo unaobaki hupendeza zaidi na hukipa kichwa cha skrubu kivuli cha kujificha. Matundu mawili hutobolewa, moja juu ya jingine, kwani kulabu yenye tundu moja huzunguka kila inapoguswa. Kila tundu huanza na kitone kilichogongwa kwa msumari wa chuma kigumu ili keekee isiteleze, tone la mafuta huwekwa, na mashine huendeshwa polepole kwa mkono unaoshinikiza barabara: stenlesi inayosuguliwa kwa kasi bila kukatwa hupata ugumu wa kazi palepale, na baada ya hapo keekee nzuri hupiga kelele, hutoa moshi na kuungua ncha pasipo kusogea hata milimita moja. Kingo za tundu hulainishwa kwa tupa ndogo. Jaribio la mwisho ni ndoo: kulabu inayokusudiwa kubeba kapu la vitunguu la kilo mbili hutundikwa ndoo yenye lita tano za maji, ambazo ni kilo tano, usiku kucha, na ikiwa asubuhi ncha imeshuka, pindo liko wazi mno au kijiko ni chembamba kuliko kilivyoonekana.

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi jinsi metali inavyotawala umbo ni kishikio cha mfuniko wa sufuria. Vifuniko vingi hubaki vizima muda mrefu baada ya kishikio cha plastiki kuungua, na mpishi huendelea kukifunua chombo kwa ncha ya kisu au kwa kitambaa kilicholowa, jambo linalochoma vidole vya watoto wanaosaidia jikoni. Mpini wa kijiko cha chai, ukikatwa na kupindwa kama upinde wenye nyayo mbili, hutatua tatizo hilo, mradi uwe wa stenlesi. Alumini husafirisha joto takriban mara 15 zaidi ya stenlesi, na fedha hushinda metali zote kwa sifa hiyo. Kijiko kizuri kuliko vyote kabatini ndicho kingekuwa kishikio kibaya kuliko vyote. Upinde uinuliwe sentimita tatu au zaidi juu ya mfuniko, ufungwe kwa bolti mbili ndogo za stenlesi zenye nati ndani, na ukizungushiwa kamba ya katani, kamba hiyo isifike karibu na ukingo ambako ndimi za moto wa kuni hupanda. Nyayo zikaushwe baada ya kuoshwa, kwa kuwa chumvi na unyevu vikikaa kati ya stenlesi na alumini, alumini huliwa polepole na kuacha unga mweupe kuzunguka tundu.

Uma zina tabia nyingine. Meno yake ni membamba, hupindika kwa koleo yenye mdomo wa mviringo, na kwa sababu hiyo hufaa vitu vinavyoshika kuliko vinavyobeba: meno mawili ya katikati yakipindwa mbele na mawili ya pembeni nyuma, na mpini ukikunjwa uwe mguu, hupatikana kisimamishi cha kitabu cha mapishi au cha simu ambayo mpishi anaifuatilia huku mikono yake ina unga. Ncha za meno zisuguliwe kwa tupa na msasa hadi zipoteze ukali, hasa kitu kitakapokaa usawa wa macho ya mtoto. Mipini ya vijiko viwili vinavyofanana, iliyotobolewa ncha zote, ni vishikio vya droo vinavyodumu. Vijiko vya alumini, vikigongwa vikawa bapa na kuandikwa kwa pachi za herufi, ni vibao vya majina ya miche bustanini, na hapo ulaini unaowafanya watu wavidharau mezani ndio unaoziruhusu herufi kuingia kina. Kuhusu pete na bangili zinazopendwa na vijana, ushauri ni wa tahadhari: fedha ya nikeli iliyochubuka utando hugusa ngozi kwa nikeli, ambayo huwawasha watu wengi, na shaba iliyomo huacha alama ya kijani.

Visu vinastahili kuachwa na asiye fundi. Mpini wa kisu cha seti za zamani mara nyingi ni mtupu, umeundwa kwa maganda mawili yaliyounganishwa kwa lehemu, yaani risasi laini ya kuungia, na ndani umejazwa lami au ulimbo unaoushika ubapa wa kisu. Ukipashwa moto, mjazo huo huvimba na unaweza kupasuka usoni. Ubapa wenyewe ni chuma kilichotiwa ugumu, na ukilazimishwa kupinda huvunjika kama kioo. Anayesisitiza kutumia visu atumie vile vya kipande kimoja, bila kuvipinda, na avae miwani ya kazi kama ambavyo yafaa ivaliwe katika kila hatua ya kukata na kutoboa.

Unadhifishaji nao hufuata metali. Weusi unaofunika fedha si kutu bali ni salfidi, yaani fedha iliyoungana na salfa iliyomo hewani, katika mayai, vitunguu na mpira, na ndiyo maana vijiko vilivyofungwa kwa raba huwa na mkanda mweusi mahali raba ilipogusa. Kwa vitu vilivyovikwa, ambavyo utando wake haumudu kusuguliwa mara kwa mara, njia ya upole ni kutandika karatasi ya alumini ndani ya bakuli, kuweka kitu kikigusana nayo, na kumimina maji ya moto yenye bikaboneti ya soda. Salfa huhamia kwenye alumini, harufu kama ya yai viza husikika kidogo, na fedha iliyokuwa imefungwa ndani ya weusi hurudi ilikokuwa. Weusi ulio ndani ya michoro ya mpini uachwe, kwa kuwa ndio unaoifanya michoro isomeke.

Skrubu ndizo mara nyingi husahauliwa, hasa katika miji ya pwani kama Mombasa, Zanzibar na Tanga, ambako hewa ina chumvi. Skrubu ya chuma cha kawaida ikigusana na stenlesi au fedha ya nikeli katika unyevu wa chumvi huliwa upesi kuliko ingekuwa peke yake, kwa sababu metali mbili tofauti na maji ya chumvi hufanya betri ndogo ambayo metali dhaifu ndiyo hutoa mwili wake. Mstari wa kahawia unaoshuka ukutani chini ya kulabu ya kijiko karibu kila mara umetoka kwenye skrubu, wala kijiko hakina hatia. Skrubu za stenlesi ni ghali kidogo, lakini kwa ubao wa kulabu tano zinahitajika kumi tu. Mabaki ya kazi hutengwa kwa aina: vipande vya alumini hupokewa na wayeyushaji wa sufuria, na kipande chochote chenye mhuri wa simba au namba 925, hata kiwe kidogo kama ukucha, huwekwa katika bahasha hadi siku ya kwenda kwa sonara.